Fahamu: Je, mwenye betri ya moyo anaweza kurudi kupanda farasi?

Kuwekewa betri ya moyo si amri ya kuacha michezo. Kifaa hiki huusukuma moyo kwa umeme kidogo mapigo yanapopungua mno, na kwa wengi ndicho kinachorudisha nguvu za mazoezi. Mwanzoni tahadhari ni lazima: waya zilizopitishwa mshipani hadi moyoni bado hazijashika vizuri, hivyo kwa wiki 4 hadi 6 hivi mgonjwa huzuiwa kuinua juu ya bega mkono wa upande wa kifaa. Baadaye, kinachoamua ni ugonjwa wenyewe na aina ya mchezo. Juu ya farasi, mtikisiko unaweza kukihadaa kihisi cha mwendo kilichomo ndani ya kifaa kikaongeza mapigo bila sababu. Hilo mtaalamu hulirekebisha kwa kompyuta, bila upasuaji. Kuanguka na kugongwa kifuani ndiko kwa kuogopwa zaidi.

Wapo wanaosema usalama ni kutulia nyumbani. Hofu yao inaeleweka, lakini ushahidi hauiungi mkono kikamilifu. Mwanasoka wa Denmark, Christian Eriksen, alianguka uwanjani Copenhagen Juni 2021 moyo wake uliposimama, akawekewa kifaa cha kuushtua moyo, jamaa ya betri ya moyo, na Februari 2022 akacheza Ligi Kuu ya England. Mtu mmoja si kipimo. Ila utafiti wa 2013 uliofuatilia wanamichezo 372 wenye kifaa kama chake haukurekodi kifo chochote michezoni, ingawa baadhi walishtuliwa na vifaa vyao. Marufuku ya jumla haifai: kila mgonjwa apimwe akiwa mazoezini, kisha aamue pamoja na daktari wake.