Kabla ya Kupanda Mlima, Jua Kushika Breki

Anayetaka kuanza baiskeli ya milimani huniuliza kwanza itamgharimu pesa ngapi. Mimi ni fundi hapa Kikuyu na vipuri ndivyo vinavyonilisha, lakini humjibu kwa swali langu: breki zako zinashika?

Pesa si kizuizi kikubwa. Baiskeli nzito ya Black Mamba, ile ya kubebea maziwa, haitakufaa, ila baiskeli ya mtumba yenye tairi pana zenye meno, gia nyepesi za kupandia na springi mbele inatosha kabisa. Rangi achana nayo. Kagua fremu, hasa pale bomba la chini linapoungana na shingo ya usukani. Ukiona ufa, rudisha. Zungusha magurudumu uone kama rimu zinayumba. Kanyaga kwa nguvu usikie kama cheni inaruka meno. Helmeti, hata hivyo, nunua mpya, maana ya mtumba huwezi kujua imeshagonga nini.

Mchezo huu wenyewe ulizaliwa mteremkoni. Katika miaka ya 1970, vijana wa Marin County, California, walikuwa wakifufua baiskeli kuukuu za Schwinn na kushuka nazo mlimani. Mwaka 1976 wakaanza kushindana kwa saa katika mbio za Repack. Breki ilikuwa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, ukikanyaga pedali kinyumenyume ndipo inashika. Wakifika chini, grisi imeungua moshi mtupu, habu sharti ifunguliwe na kujazwa upya. Miaka 20 baadaye, mwaka 1996, mchezo huo ukaingia Olimpiki kule Atlanta.

Wewe una breki bora kuliko zao, kwa hiyo jifunze kuzitumia. Tafuta mteremko mfupi, mkavu. Simama juu ya pedali zikiwa kimo kimoja, sogeza makalio nyuma, legeza magoti na viwiko. Kidole kimoja au viwili vikae kwenye breki, vingine vishike usukani. Wanaoanza huiogopa breki ya mbele, na kumbe ndiyo yenye nguvu zaidi. Kinachomrusha mtu ni kuibana ghafla uzito wake ukiwa mbele. Ibane taratibu, na umalize kupunguza mwendo kabla ya kona. Macho yatangulie unakotaka kwenda. Ukilikodolea jiwe, utaligonga.

Halafu kuna hewa. Wengi hujaza tairi mpaka iwe ngumu kama jiwe, kisha wanashangaa baiskeli inarukaruka na haishiki njia. Punguza mpaka kidole gumba kikibonyeza kibonyee kidogo tu. Ukizidisha kupunguza, tyubu itabanwa kati ya jiwe na rimu, na utaikuta na matundu mawili yanayotazamana.

Udongo wetu mwekundu nao una tabia yake. Ukilowa hunata, ukajaa kati ya tairi na fremu hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Siku kama hiyo usiende njiani, usije ukawaharibia wengine njia; baki usafishe cheni.

Nairobi kuna Msitu wa Karura wenye njia za baiskeli. Karibu na Naivasha kuna Hell's Gate, mbuga ambayo unaendesha baiskeli huku pundamilia na twiga wakila nyasi na majani kando yako. Hapa kwetu Kikuyu, David Kinjah wa klabu ya baiskeli ya Safari Simbaz amewalea waendeshaji wengi. Chris Froome, aliyekuja kushinda Tour de France mara 4, alianzia kwake akiwa kijana mdogo.

Ukiamua kushindana, zijue aina mbili za mbio. Kuna za mizunguko, ambazo kwa mabingwa huchukua kama saa moja na nusu, na kuna za masafa marefu za saa nyingi. Beba tyubu, pampu na maji, na ule kabla njaa haijakushika. Simama nyuma kwenye mstari wa kuanzia. Wenye haraka watakuacha kwenye mwinuko wa kwanza, waache waende. Baadhi yao utawakuta mteremkoni wameshuka, wanakokota baiskeli kwa woga. Piga kelele mapema wajue unakuja, wakupishe, kisha upite.