Fumbo la Vigawanyo

Watoto, sokoni Kiwanja mama muuzaji hupanga nyanya zake kwa mafungu. Akiwa na nyanya 12, aweza kuzipanga mbili mbili, tatu tatu, nne nne au sita sita. Akiwa na 11, atapanga moja moja, au zote fungu moja, basi.

Namba inayogawa nyingine bila kuacha baki huitwa kigawanyo. Vigawanyo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12. Namba 11 ina viwili tu: 1 na 11. Namba yenye viwili tu huitwa namba tasa.

Sasa fumbo: namba ipi ni ndogo kupita zote zenye vigawanyo 12?

Kompyuta yaweza kulifumbua. Lakini haijiongozi, hufuata amri tulizoiandikia. Amri hizo, zikipangwa, huitwa programu. Yetu ni hii:

1. Shika namba 1.
2. Weka hesabu ya vigawanyo kuwa 0.
3. Gawa namba uliyoshika kwa 1, kwa 2, kwa 3, hata kufika namba yenyewe. Kila mara pasipo baki, ongeza hesabu kwa 1.
4. Hesabu ikiwa 12, andika namba na usimame. Isipokuwa 12, shika namba inayofuata, urudi amri ya 2.

Tukiisahau amri ya 2, je? Vigawanyo vya kwanza vitachanganyika na vya pili: 1, 3, 5, 8, 10, 14. Mashine itairuka 12, nayo haitasimama kamwe! Kosa si lake, ni letu.

Programu iliyo sawa huandika 60. Tuhakikishe: 1×60, 2×30, 3×20, 4×15, 5×12, 6×10. Ndivyo, ni 12.

Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba Ishango, kaskazini ya Kiwanja, mahali mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward. Alipata mfupa mdogo wenye mikato, wa miaka kama 20,000. Leo umewekwa Brussels. Safu moja ya mikato ina mafungu manne: 11, 13, 17 na 19. Zote ni tasa, na jumla yake ni 60! Je, wazee wale walijua vigawanyo, au ilitokea tu? Wataalamu hawajapatana. Kompyuta itagawa namba hizo upesi, lakini haitatuambia mkataji aliwaza nini.

Zoezi: Kwa kokoto, tafuta namba ndogo kupita zote zenye vigawanyo 8.