UPEPO NGONG BALAA, KWANGU GIZA TOTORO!

Msomaji wangu, juzi Jumapili nilipanda vilima vya Ngong na kofia mpya, nikashuka kichwa wazi. Upepo wa kule si mchezo! Ile mitambo, ambayo sisi wa Dar tungeiita mapangaboi ya majitu, ilikuwa inazunguka kama imetumwa. Nikamwambia mshikaji wangu, "Leo Kenya umeme utabaki!"

Tunarudi mtaani saa moja jioni, kumbe giza totoro. Mama wa samaki hapo getini kakaa mbele ya friza lake, mkono shavuni. Mzigo wa wiki nzima umo humo, na wa mkopo.

"Mwanangu, si umetoka huko kwenye upepo? Umeme uko wapi?"

Nikabaki natoa macho. Ikabidi nimfuate jirani yangu fundi, naye akanicheka weee! Akasema umeme wa gridi si mahindi, huuweki ghalani. Unaozalishwa sekunde hii utumike sekunde hii, la sivyo ile mizunguko 50 kwa sekunde inayumba na mitambo inaanza kujizima.

Tena Ngong ni cha mtoto, megawati 25 na ushei. Baba lao liko Loiyangalani, Marsabit. Mitambo 365, megawati 310, ilizinduliwa Julai 2019, na waya unatembea zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Sasa sikia kichekesho. Kule upepo unapiga hasa usiku, wakati wewe umelala fofofo na pasi imezimwa! Hapo lazima mmoja apunguze, ama mapanga yazuiwe, ama mvuke wa Olkaria uachiwe hewani bure. Upepo ukikata ghafla mchana, wanakimbilia maji ya mto Tana kuziba pengo. Kazi ya presha hiyo, bwana.

"Kwa hiyo leo gridi imeyumba?" nikauliza kitaalamu.

"Gridi gani! Upepo wako umeangusha mti juu ya waya wa mtaa huu."

Nilichoka. Umeme ulirudi saa sita usiku. Mama alishauza nusu ya samaki kwa bei ya kutupa, kwa mwanga wa koroboi, akimwambia kila mteja kwamba deni la watu halijui upepo. Mimi nilichukua wanne, na bei sikubishana.