Muhogo Mchungu: Silaha ya Mmea, Hatari kwa Mlaji

Mmea hauna miguu ya kumkimbia adui, wala hauna pembe za kupigana naye. Ulipoota ndipo utakapokufa. Kwa sababu hiyo mimea mingi hujilinda kwa silaha isiyoonekana, yaani sumu. Kati ya mimea hiyo, unaotuhusu zaidi sisi wa Afrika ya Mashariki na Kati ni muhogo.

Ndani ya seli za muhogo mna kemikali iitwayo linamarini. Kimeng'enya kiwezacho kuivunja hukaa mbali nayo, katika ukuta wa seli. Mnyama anapotafuna, kuta hubomoka, vitu hivyo viwili hukutana, na mwishowe hutoka sayanidi, sumu kali inayozizuia seli za mwili zisiitumie oksijeni. Linamarini hutengenezwa hasa katika majani, kisha husafirishwa hadi mizizini. Mvua ikikosekana, kiasi chake huongezeka. Maana yake ni kwamba wakati wa ukame, ambapo watu hawana chakula kingine, ndipo muhogo huwa na sumu nyingi zaidi.

Hata hivyo wakulima wengi huupanda muhogo mchungu kwa makusudi, kwa kuwa nyani na nguruwe huuacha. Wanajua kwamba ukimenywa, ukalowekwa siku kadhaa na kuanikwa vizuri, sumu hutoka. Hatari huja pale hatua hizo zinaporukwa.

Mwezi wa Septemba 2017, katika wilaya ya Kasese, magharibi ya Uganda, watu 98 waliugua na wawili wakafa baada ya kula ugali wa muhogo. Wagonjwa wa kwanza walikuwa wamehudhuria mazishi. Uchunguzi uligundua kuwa unga huo ulitoka kwa mfanyabiashara mmoja wa jumla, na kwamba sayanidi iliyokuwamo ilizidi mara nane kiwango cha usalama, ambacho ni miligramu 10 kwa kila kilo ya unga.

Anayekula sumu kidogo kidogo kwa wiki nyingi, bila maharage, samaki wala nyama, aweza kupatwa na konzo, ugonjwa uliopewa jina la Kiyaka, lugha ya Kongo. Miguu yote miwili hupooza ghafula, wala haiponi. Wanaoshikwa zaidi ni watoto na akina mama. Mwaka 1981, wakati wa ukame, konzo iliwapata watu zaidi ya 1,000 katika jimbo la Nampula, Msumbiji.

Jambo hili lafaa lifikiriwe sana katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, karibu na Mbarara. Wengi wa wakazi wake, hasa watokao Kongo na Burundi, wamelelewa kwa ugali wa muhogo na sombe. Eneo hilo hupatwa na ukame, na mwaka 2023 mgao wa chakula cha wakimbizi nchini Uganda ulipunguzwa. Mama mwenye watoto wenye njaa atawezaje kungoja siku tatu muhogo ulowe? Na mnunuzi aliyeko sokoni Mbarara hawezi kuitambua sumu ndani ya unga mweupe kwa kuutazama tu.

Kuna njia iliyo rahisi. Unga hukorogwa kwa maji, ukatandazwa mwembamba, na kuachwa saa mbili juani au saa tano kivulini. Sayanidi huruka hewani, na unga hupikwa siku ile ile. Nayo sombe itwangwe sana na kuchemshwa vizuri.

Ni wajibu wa mabwana shamba kugawa mbegu za muhogo mtamu, na wa wakaguzi kuupima unga kabla haujafika dukani. Lakini mgao wa maharage usipotosha, mafunzo ya jikoni peke yake hayatailinda miguu ya watoto. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Basi na tuhakikishe kwamba njaa haimlazimishi mtu kufanya haraka hiyo.