Nyumba Isiyodai Dizeli

Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia mnamo Oktoba 2017 viliwafukuza watu wengi makwao, wakiwemo wakazi wa Diaca. Wanaorejea hujenga, na askari wanaowalinda hujenga pia. Bati lisilo na dari huifanya nyumba kuwa tanuri. Feni hudai jenereta, jenereta hudai dizeli, na dizeli hudai msafara wenye ulinzi. Kuta za udongo, paa la nyasi lenye upenu mpana na madirisha yanayokabiliana hupunguza joto bila tone la mafuta.

Kwa hiyo, ufadhili wa watafiti chipukizi wa majengo usiishie kwa vijana wa mijini. Mwanamke wa Diaca aliyekandika ukuta anazo kanuni anazozitafuta mhandisi. Binti yake akisomeshwa, ujuzi huo utapimwa, utaandikwa, na utafika kambini.