Kuzoea au Kuzaliwa: Neno “Sugu” na Urithi wa Magugu Yasiyouawa na Dawa

Niliombwa hivi karibuni kuisahihisha lugha ya karatasi ya maelezo iliyoandikiwa wakulima wa mahindi. Kiswahili chake kilikuwa safi, nami sikuwa na mengi ya kugusa, ila sentensi moja ilinisimamisha nikakaa nayo siku mbili: “Magugu yakipigwa dawa ile ile kila mwaka huizoea, na mwishowe huwa sugu.” Kwa sarufi haina kosa. Kosa lake ni la elimu ya mimea, nalo limefichwa ndani ya maneno mawili ambayo kila mmoja wetu angeyatumia bila kufikiri, yaani kuzoea na sugu.

Na tulitazame kwanza hili la pili. Sugu ni ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa: sugu ya kiganja cha mshika jembe, sugu ya paji la uso la mwenye kusujudu sana. Kutokana na hiyo twapata mtu sugu, asiyesikia makaripio, na ugonjwa sugu, usiokubali kutoka. Na waganga wa hospitali wasema usugu wa vijidudu kwa dawa. Picha iliyomo ni moja daima. Kiganja ni kile kile. Jana kilikuwa laini, leo kimekuwa kigumu, na kazi ndiyo iliyokigeuza. Mwenye kulisikia neno hili hana budi kudhani kwamba gugu nalo hupigwa dawa, likaugua, likapona, na mara ya pili likaivumilia vizuri zaidi.

Sivyo ilivyo. Dawa nyingi za magugu huua kwa kukamata protini moja maalumu ndani ya mmea, mfano wa nta iliyosukumwa katika tundu la kufuli. Umbo la protini hiyo limeandikwa katika jeni, ambayo mmea umeirithi kwa wazazi wake. Kila mbegu ifanyikapo, jeni hunakiliwa, na mara moja moja mnakili hukosea herufi. (Sisi tulioshughulika na miswada ya kale twalijua sana jambo hili.) Aghalabu kosa halina faida, au lina hasara. Lakini katika shamba lenye mamilioni ya miche huenda ukawamo mmoja ambao protini yake imebadilika kidogo, hata dawa isipate pa kushika. Kabla ya dawa kuletwa, mche huo haukuwa na ubora wowote juu ya wenzake. Dawa ikipita, wenzake hufa, nao hubaki na nafasi, na maji, na mbolea, ukazaa mbegu zake kwa raha.

Ushahidi wa jambo hili ulitokea mahali ambapo mkulima hapatazami, yaani katika makabati ya mimea mikavu. Mwaka 2013 wataalamu wa Ufaransa walitoa matokeo ya uchunguzi wa vielelezo 734 vya Alopecurus myosuroides, majani yanayosumbua mashamba ya ngano huko Ulaya. Vielelezo hivyo vilikusanywa kati ya 1788 na 1975. Kimoja, kilichochumwa mwaka 1888, kilikuwa na badiliko lile lile la jeni ambalo leo huyakinga majani hayo na dawa za kundi fulani. Na dawa za kundi hilo hazikuanza kutumika mashambani ila karibu miaka tisini baadaye. Haiwezekani mmea kuzoea kitu ambacho bado hakijaumbwa.

Msomaji ataona mambo kwa uwazi zaidi tukichukua ukoo wa mchicha, ambao sote twaujua jikoni. Amaranthus hybridus ni mboga kwetu, lakini katika mashamba ya mahindi ya Marekani ni gugu. Mwaka 1983 Joseph Hirschberg na Lee McIntosh walieleza kwa nini baadhi ya mimea hiyo haiuawi na atrazini, dawa inayozuia jani kutumia mwanga wa jua. Tofauti yote ilikuwa kiungo kimoja cha protini: mahali pa 264, palipokuwa na serini, palikuwa na glisini. Kadhalika, jeni hiyo imo katika kloroplasti, vile vichembe vya kijani vya jani, na kloroplasti za mchicha hurithiwa kwa mama. Kwa hiyo usugu huo hupita kwa mbegu, wala hauchukuliwi na chavua. Tena una gharama yake: mmea wenye badiliko hilo huutumia mwanga kwa udhaifu kidogo, na pasipo dawa hushindwa na wenzake.

Ndugu yake, Amaranthus palmeri, ana kisa kingine. Asili yake ni nchi kavu za kusini-magharibi ya Marekani na kaskazini ya Mexico, ambako wenyeji walikula majani na mbegu zake. Mwaka 1996 ilianza kulimwa huko Marekani soya isiyodhuriwa na glaifosati, na mwaka 1997 pamba ya namna hiyo hiyo. Wakulima wengi wakaacha njia nyingine zote wakategemea dawa hii moja. Mwaka 2005 ikathibitika katika jimbo la Georgia kwamba umo mchicha huu usiouawa nayo. Wakulima wa pamba waliokuwa wamekwisha sahau palizi walilazimika kuajiri watu waung'oe kwa mikono.

Todd Gaines na wenzake walipouchunguza, mwaka 2010, hawakuona herufi iliyokosewa. Jeni ya kile kimeng'enya kinachokamatwa na glaifosati ilikuwa imenakiliwa tena na tena, mara 5 katika mmea mmoja, zaidi ya mara 160 katika mwingine. Ni kama mwizi mwenye nta ya kufuli moja aliyeingia nyumba yenye milango mia na sitini. Baadaye, mwaka 2018, ilionekana kwamba nakala hizo hukaa katika vikuku vidogo vya urithi vilivyo nje ya kromosomu, wala hazigawanywi sawasawa: mtoto huweza kupata nyingi kuliko mzazi, na nduguye chache. Na kwa kuwa mchicha huu una mimea ya kiume na ya kike, chavua yake ikichukuliwa na upepo, usugu huvuka mpaka wa shamba la jirani asiyekosa neno.

Hapa mtetezi wa kuzoea aweza kusema: nakala zikizidi kizazi baada ya kizazi, je, huko si kuzoea? Tena aweza kututajia Lolium rigidum ya Australia, ambayo wataalamu waliipiga dawa kwa kipimo kidogo, wakazalisha iliyobaki, na kwa vizazi vichache tu ikakistahimili kipimo kamili. Hoja hiyo nakubali ina nguvu. Lakini hata huko hakuna jani lililojifunza. Yalibaki yenye jeni ndogo ndogo za kuivunja dawa, yakachanganya chavua, na watoto wakakusanya kwa baba na kwa mama kile ambacho kila mzazi alikuwa nacho kidogo.

Mkulima aliyeambiwa kwamba gugu limezoea atafanya lililo la akili kwa aliyezoea: atalipumzisha shamba msimu mmoja ili lisahau. Mchicha wa atrazini huenda ukapungua, kwa ile gharama yake. Ule wa glaifosati haukuonekana kuwa na gharama ya kumfaa mkulima huyu. Au ataiacha miche mitatu minne iliyosimama baada ya dawa, akidhani imekosewa na bomba, kumbe ndiyo ya kung'oa kabla haijatoa maua, kwa maana mmea mmoja wa kike wa palmeri huweza kuzaa mbegu laki kadhaa.

Wenzangu wawili walipendekeza ukinzani badala ya usugu. Sikuafiki. Kukinza ni tendo la mwenye nia, na gugu halina nia. Tena sugu limekwisha enea. Niliona afadhali kubadili kitenzi chake, nikaandika: “Dawa huua magugu mengi na kuyaacha machache yaliyozaliwa sugu, mbegu za hayo machache ndizo zitakazoota msimu ujao.” Najua kwamba hakuna azaliwaye na sugu kiganjani, na mzee mmoja mkulima aliyesomewa sentensi hiyo alicheka kwa sababu hiyo hiyo, kisha akauliza hayo machache yatambulikanaje. Wenye karatasi walilalamika kwamba imekuwa ndefu. Nimewaruhusu kuikata popote wapendapo, ila neno yaliyozaliwa lisiguswe.