Kusahihisha Rekodi za Joto Siyo Kughushi

Baadhi ya waamini wanauliza: ikiwa wataalamu wa hali ya hewa hurekebisha namba za joto za miaka ya nyuma, tutawaaminije wanaposema dunia inazidi kupata joto? Swali ni la haki, na pa kuanzia tunapo ndani ya ofisi ya parokia. Katika daftari la ubatizo, paroko hafuti. Mtu akifunga ndoa au kupewa daraja, habari huandikwa pembeni, na maandishi ya kwanza hubaki yakisomeka.

Kipimajoto nacho kina historia yake. Tuseme kituo cha Mpanda kimehamishwa hadi mahali palipo juu zaidi kwa mita 100. Kwa wastani hewa hupoa nyuzi 0.65 za Selsiasi kwa kila mita 100 unazopanda. Ndiyo maana msafiri wa kwenda Sumbawanga hubeba sweta. Daftari litaonyesha kwamba Mpanda imepoa ghafla, kumbe kilichohama ni kipimajoto. Na joto la dunia nzima, tangu nusu ya pili ya karne ya 19 hadi miaka ya 2011–2020, limepanda kama nyuzi 1.1 tu! Kuhama mara moja kunaweza kuficha zaidi ya nusu ya badiliko hilo.

Zipo sababu nyingine: saa ya kusoma kipimo imebadilishwa, kisanduku cheupe kinachokikinga na jua kimechakaa, nyumba za bati zimekizunguka kituo, au miti imekatwa. Sisi wa Katumba tunajua jinsi mahali panavyobadilika. Hapa palikuwa pori la miombo kabla wakimbizi kutoka Burundi hawajapewa makazi miaka ya 1970.

Mtaalamu hugunduaje? Huwauliza majirani. Huweka rekodi za Mpanda kando ya zile za Tabora, Kigoma na Sumbawanga. Mwaka wa baridi kwa kawaida huwagusa wote. Lakini tofauti kati ya Mpanda na wenzake ikiruka ghafla na kubaki hivyo miaka yote, kasoro iko Mpanda. Hapo hutafutwa barua ya kuhamisha kituo (kama mchwa hawajaila), tofauti hukadiriwa, kisha namba hurekebishwa kwenye nakala. Rekodi asili hutunzwa. Kwetu kazi ni ngumu kwa sababu vituo ni vichache na viko mbalimbali.

Mwanafizikia Richard Muller wa Marekani aliyatilia shaka mahesabu haya. Yeye na wenzake wakahesabu upya kwa njia yao, na mwaka 2011 akakiri kwamba ongezeko la joto ni la kweli. Tena, marekebisho yote yakijumlishwa, hasa ya vipimo vya zamani vya baharini, ongezeko la dunia nzima linapungua kidogo. Mwongo angefanya kinyume. Papa Fransisko, katika Laudate Deum ya 2023, alisikitika kwamba maoni ya kupuuza jambo hili aliyakuta hata ndani ya Kanisa.

Parokia au shule yenye kipimajoto au kipima mvua iandike pia tarehe kilipohamishwa, kilitoka wapi, na mti gani ulikatwa karibu nacho.